Kidonda Kilipungua, Kilio Kikazidi

Ng'ombe ana miguu minne. Kila mtu anajua, lakini mimi huihesabu, halafu nazunguka upande wa pili na kuihesabu tena. Wauzaji wa soko la Mudaka wamezoea kunicheka. "Maman, unaogopa iko na mugulu wa tano?" Huwa nawajibu kwamba wa tano haunisumbui, huo ni nyongeza. Ninaogopa ule ambao upo lakini haufanyi kazi.

Kwa zaidi ya miaka ishirini hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu, mimi na dada yangu mkubwa, ambaye nilimwita yaya tangu nilipojua kusema. Familia za Bukavu, watu wa ofisi na wa chuo, wanaosoma vitabu vinene lakini hawajui meno ya ng'ombe yanaanzia upande gani, walikuwa wanatutuma kuwanunulia wanyama wa mahari na wa ubatizo. Tulikwenda wawili siku zote. Kazi yangu ilikuwa kumtukana ng'ombe: mkia mfupi, macho ya usingizi, mbavu kama ngazi za kwetu Nguba. Yaya yeye alikuwa anawasifu watoto wa muuzaji, anauliza wako darasa la ngapi, anapakata kichanga. Nikishamchosha muuzaji vya kutosha, yaya ananikemea mbele za watu: "We, nyamaza kwanza, hauone papa amechoka?" Muuzaji anampenda yeye, ananichukia mimi, na kati ya mapenzi na chuki bei inateremka yenyewe. Tukifika barabarani tunacheka mpaka mwenye ng'ombe wa nyuma yetu anauliza kama tumekunywa.

Yaya alikufa misimu miwili ya mvua iliyopita. Ugonjwa haukukaa naye hata wiki tatu.

Baada ya hapo goti langu la kushoto likaanza kuuma. Goti lenyewe ni la zamani. Nililivunja nikiwa msichana, na yaya alipokuwa hai lilikuwa goti la kuchekesha. Alisema linatabiri mvua vibaya kuliko redio. Baada ya matanga likaacha kuchekesha. Kutoka nyumbani kwetu Nguba, karibu na maji, hadi barabarani kuna ngazi sitini na mbili. Nimezihesabu kupanda na kushuka, na ninaweza kukuambia ni ipi inayouma zaidi. Daktari alilipiga picha, akaiinua dirishani, na kwa muda nikaona Ziwa Kivu limelala ndani ya mfupa wangu, kijivu, bila upepo. Akasema goti ni lile lile la miaka kumi iliyopita. Nilimwomba ahesabu mifupa tena. Akahesabu. Ni lile lile.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa siku ile mtoto wa yaya aliponiletea habari kwamba anaoa.

Ni asistenti pale chuoni, anafundisha sheria, mtu wa miwani na viatu vilivyopakwa rangi hata siku ya tope. Alikaa kwenye kiti cha mama yake bila kukumbuka ni cha mama yake.

"Tantine, utaninunulia ngombe ya dote?"

"Mama yako na miye njo tulikuwa tunanunua. Sasa niko nusu."

"Basi ununue na nusu."

Nilimpiga begani kwa taulo la vyombo. Kisha nikaenda jikoni kutafuta kitu ambacho hakikuwa jikoni.

Familia ya msichana ni Wakatoliki wa mjini, watu wa heshima, wa kwaya na wa mikutano. Lakini baba wa msichana alishafariki, na mahari yalikuwa mikononi mwa baba yake mdogo, mzee mmoja ambaye hakukubali ng'ombe abadilishwe kuwa bahasha. Kwao ng'ombe husimamishwa uani. Mzee anamzunguka, anamkandamiza mgongo kwa kiganja, anainua miguu mmoja mmoja. Ng'ombe akichechemea, au akilia akiguswa, anarudishwa, na wageni waliomleta wanarudi naye. Niliwahi kuiona familia moja ikipanda kilima imevaa suti, nyuma ya ng'ombe wao, na vinywaji vimebaki mezani havijafunguliwa. Haikuwa hasara tu. Maana yake ilikuwa kwamba mmeleta uongo nyumbani kwa watu, mmeufunga na kamba.

Nilikwenda Mudaka peke yangu. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba, na soko lote lilikuwa sauti tu: mbuzi bila mbuzi, kicheko bila mtu. Nilitembea ndani yake kama ninayetembea kwenye usingizi wa mtu mwingine. Mara mbili niligeuka kumwambia yaya kitu.

Nyuma ya soko, penye boma la mianzi, nilimkuta mwanamke mzee amekaa juu ya kigoda, na ng'ombe wawili wamesimama wamegusana kama milango miwili ya kabati. Mmoja alikuwa wa kahawia, mwenye doa jeupe pajani, kijana, wa kupendeza. Mwingine alikuwa mweusi, mzee, pembe moja imepinda kuelekea jicho kana kwamba inataka kuona ndani. Niliwahesabu miguu. Minane. Nikazunguka. Minane.

"Asinge, maman muzee."

"Asinge, maman. Hesabu vizuri, isiwe banakuibia mugulu."

Ng'ombe wa kahawia alikuwa na kidonda mguu wa nyuma wa kushoto, juu kidogo ya kwato. Waya wa uzio, alisema mzee, na hakukificha. Alichukua chupa ya maji ya chumvi, akamimina, akasugua na kitambaa. Ng'ombe alitafuna. Alikuwa ameweka pua yake chini ya shingo ya yule mweusi, na macho amefumba nusu. Nikachuchumaa mwenyewe, goti likalalamika, nikabonyeza kando ya kidonda kwa kidole gumba. Alitafuna. Nikabonyeza tena, kwa nguvu zaidi. Mkia haukutikisika. Nikavunja kijiti cha ufagio, nikapima urefu wa kidonda, nikakifunga kile kijiti kwenye pindo la kikwembe changu. Mimi ni hivyo.

"Zinaenda pamoja," mzee akasema.

"Nani ananunua ngombe muzee isiyozaa? Itanifanyia nini, itanihubiria?"

"Zililala pamoja tangu hii ndogo ilipoacha kunyonya. Mama yake alikufa. Hii nyeusi njo ilimulea."

"Maman muzee, nilikuja kutafuta ngombe, sikuja kutafuta famiye."

Hapo nilijua nimeupata mlango. Nilimtukana yule mweusi kwa karibu saa nzima: pembe, miaka, kikohozi, nundu kubwa ya kovu la zamani begani. Hakukuwa na mtu wa kunikemea, kwa hiyo nilijikemea mwenyewe, kisha nikaendelea. Mwishoni mzee alifungua kamba ya yule wa kahawia bila kuniangalia. Nilikuwa nimetenganisha alichosema hakitenganishwi, na nilipanda barabarani na ng'ombe mmoja mzuri, nimeshinda. Nilisimama mahali petu pa kuchekea. Sikucheka, lakini nilisimama.

Nyuma yangu, ndani ya ukungu, yule mweusi alilia mara moja. Ng'ombe hulia, sikuhesabu.

Tulimleta Nguba na kagari ka kubebea mbao, tukamfunga chini ya ukuta wa mwisho wa lupango, kiwanja cha nyumba yetu, pale mteremko unapoishia na maji kuanza. Nilimkatia matete, nilimpa mugomba uliokatwa vipande na chumvi ya jiwe. Zilikuwa zimebaki siku tisa. Mtoto wa yaya akavua miwani, akakunja mikono ya shati, akachukua chupa ya maji ya chumvi kama nilivyomwonyesha.

Alipogusa kidonda, ng'ombe alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa ng'ombe. Haikuwa ya kutoka kooni. Ilitoka chini, kama kitu kinachokokotwa. Akauinua mguu na hakuurudisha chini, akabaki amesimama kwa mitatu, anatetemeka ngozi ya ubavu wote. Majirani walitoka. Mmoja akauliza kutoka juu ya ukuta, "Banachinja?"

"Tunaosha," nikamjibu.

"Eh! Na sabuni gani?"

Siku ya pili ilikuwa vile vile. Siku ya tatu hakungoja kuguswa. Alilia alipoona chupa. Hakula vizuri. Alisimama ameelekea kaskazini, upande wa barabara ya Mudaka, na mimi nikajiambia ni kwa sababu ya upepo.

Nikamwita veterineri, binti mmoja mwenye buti za plastiki na mikono midogo yenye nguvu. Alimshika, alimpima homa, alimchoma sindano, akasema kidonda ni kisafi na kinapona. Sikumwamini. Nikafungua pindo la kikwembe, nikatoa kijiti cha Mudaka, nikakiweka kwenye kidonda. Kijiti kilizidi. Nikapima tena. Kilizidi karibu upana wa kidole.

"Kidonda kimepungua," nikasema.

"Njo nilikuwa nakuambia, maman."

"Basi anaongeza kilio kwa nini?"

Aliosha mikono yake polepole. "Kidonda kiko kwa mugulu," alisema. "Maumivu haikai kwa mugulu. Kule alikotoka, alikuwa peke yake?"

Nilimwambia muuzaji alikuwa na mwingine, mzee, hana maana. Alitikisa kichwa, akasema amewaona kondoo, amewaona hata sungura: ukimchoma sindano akiwa amegusana na mwenzake anastahimili, ukimtenga unamchoma sindano ile ile na anakuwa kama umemchoma kisu. Akafunga mfuko wake. Mimi nilikubali kwa mdomo. Moyoni nilikuwa nimeshapata jibu langu mwenyewe, jibu la mtu wa soko: mzee yule alimnywesha ng'ombe kasiksi. Pombe ya ndizi, kibuyu kizima, asubuhi na mapema, ndiyo maana macho yalikuwa yamefumba nusu. Nilikuwa nimebonyeza kidonda cha mlevi. Mara mbili.

Alasiri ile mvua ilikuja ikitokea upande wa ziwa, taratibu, kama mtu anayevuta pazia. Nilikaa kwenye kiti cha yaya nikimtazama ng'ombe kupitia mlango. Sijui kama nilisinzia. Nilikuwa mdogo, tuko nje ya nyumba ya mama yetu, na mama ameshika pini. Ni kazi ya kila wiki, kututoa funza kwenye vidole vya miguu. Anaanza na mimi kwa sababu ninalia. Yaya amekaa nyuma yangu, miguu yake huku na huku, tumbo lake mgongoni mwangu, na ameshika masikio yangu mawili kwa vidole, wala havuti, ameyashika tu. Pini inaingia. Ninaiona. Ninaona damu, ninaona mfuko mweupe wa mayai ukitoka mzima, na ninasikia pumzi ya yaya nyuma ya kichwa changu, na ninamwambia mama, "Umemaliza?" Mama anasema, "Nimetoa tatu." Kisha wiki moja yaya hayupo, amepelekwa kwa shangazi, na funza ni mmoja tu, mdogo, na nililia hadi mapadri wa mission walituma mtu kuuliza.

Nilipofumbua macho ng'ombe alikuwa ananiangalia. Mvua ilikuwa inamshukia mgongoni, na mguu wake ulikuwa juu.

Nilikwenda Mudaka kesho yake. Nataka kusema nilikwenda kwa unyenyekevu, lakini nilikwenda kugombana. Ndoto ni ndoto, na kasiksi ni kasiksi. Zilibaki siku nne.

"Ulininywesheza ngombe pombe," nilimwambia mzee kabla ya kuketi.

"Pombe? Miye mwenyewe sijaonja tangu Pasaka. Ningempa ngombe?"

"Hapa hakulia. Kwangu analia kama mutu."

"Analia akiguswa?"

"Akiguswa. Hata akiona chupa."

Mzee aliinuka, akashika fimbo, akaniongoza nyuma ya boma. Yule mweusi alikuwa amelala upande, majani mbele yake hayajaguswa. Mzee alimwita, akamgonga kidogo kwenye paja. Ng'ombe alijaribu kuinuka, akafika nusu, na bega lenye kovu lilipobeba uzito akatoa sauti. Niliifahamu. Ilikuwa sauti ile ile ya Nguba, ila ya kizee, imechakaa.

"Hii bega," mzee akasema, "ni ya miaka mingi. Bwana yangu alikuwa bado iko. Ngombe alipanda nayo mulima, akashuka nayo. Sijasikia hata siku moja akisema bega. Sasa siku sita hasimame." Alikaa juu ya jiwe. "Ulinunua moja. Kidonda uliacha nusu hapa, nusu ukaenda nayo. Umeuliza pombe! Ungeniuliza miye nilinywa nini, nikakubali kuzitenga."

Nilihesabu majani yaliyokuwa mbele ya ng'ombe, kitu kisicho na maana, na nikapotea kwenye hesabu.

Halafu, na hili ninaliandika kwa sababu ni kweli, kichwa changu cha soko kiliamka. Niliona njia. "Maman muzee, niazime huyu mweusi siku ya kutoa dote tu. Asubuhi anakuja, mchana anarudi. Bakwe banamuona ule wa kahawia ametulia, banamupokea, dote imeisha."

"Na kesho yake?"

"Kesho yake ni yao."

Mzee hakukasirika. Alisema tu, kama anayeuliza njia, "Basi wewe utawanywesheza pombe gani?"

Ningeweza kuelezea jinsi uso ulivyoniwaka, lakini watu wa Mudaka waliuona na inatosha. Nilikuwa nimepanda gari kwenda kumshtaki mzee wa watu kwa hila, na ndani ya nusu saa nilikuwa namwomba aniazime hila hiyo hiyo. Mtoto wa yaya angesimama mbele ya familia ya mke wake na uongo uliofungwa kamba, na mimi ndiye niliyefunga fundo. Yaya angenikemea. Safari hii asingekuwa anaigiza.

Tuliongea hadi ukungu ukarudi. Yalikuwa mapatano ya ajabu kuliko yote niliyowahi kufanya, kwa sababu kila mmoja alikuwa anavuta upande wa mwenzake. Sikuomba apunguze, na yeye hakuomba niongeze. Hatimaye tulikubaliana hivi: wa kahawia atarudi boma la mianzi, atakaa na mweusi mpaka mweusi afe kifo chake. Ndama watakuwa wa familia ya msichana. Maziwa yatakuwa ya mzee, maana ndiye anayeamka kukamua. Na baba mdogo wa msichana, badala ya kumwona ng'ombe uani mjini, atakuja kumwona hapa asubuhi ya Jumamosi, kabla ya sherehe. Akikataa, amekataa.

Mtoto wa yaya aliposikia alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Tantine, utamuambia kama ngombe iko na kidonda?"

"Nitamuambia kabla hajagusa."

"Et s'il refuse?"

"Akikataa, amekataa. Unaanza Kifaransa. Unaogopa?"

"Ndiyo."

"Miye pia. Twende tuoshe mugulu."

Hatukuuosha. Hakuturuhusu.

Kagari ka mbao kalimrudisha siku ya Alhamisi. Sikuona walivyokutana, nilikuwa nyuma, goti langu limenichelewesha njiani. Nilipofika bomani walikuwa wameshasimama kama milango ya kabati. Yule mweusi alikuwa anamlamba mwenzake shingoni, kwa bidii ya mtu anayefuta ubao. Mguu wa nyuma wa kushoto ulikuwa chini, wote, kwato nzima kwenye tope. Nilizunguka upande wa pili kuhakikisha.

Jumamosi mzee wa upande wa msichana alifika na vijana wawili wa familia yake, suti ya kahawia imechomekwa ndani ya buti za mvua. Macho yake yalikuwa madogo na hayakuharakisha. Nilimsalimu kwa mikono miwili, kisha nikasema yote kwa pumzi moja: kidonda, waya, siku za Nguba, kilio, mweusi, mapatano ya boma, na kwamba niliwaza kumdanganya. Mtoto wa yaya, nyuma yangu, akavua miwani.

"Maman," mzee akasema, "watu wote banaleta ngombe na sifa. Weye unaleta na mashitaka."

Alimzunguka. Alikandamiza mgongo. Aliinua mguu wa mbele, wa pili, wa tatu. Alipofika kwenye wa nne alikitazama kidonda, akakibonyeza kwa kidole gumba kama nilivyofanya mimi. Ng'ombe alitafuna.

"Sasa muondoe huyu mweusi," akasema.

"Papa, nimeshakuambia..."

"Nimesikia. Nataka kuona na macho yangu."

Yule mwanamke mzee wa boma alimwongoza mweusi polepole hadi nyuma ya nyumba. Hazikupita dakika tatu. Wa kahawia aliinua kichwa, akatafuta, masikio mbele. Mzee hakubonyeza tena. Aliweka tu kiganja karibu na kidonda, kama unavyojaribu joto la sufuria, na ile sauti ikatoka. Mmoja wa wale vijana alirudi nyuma akakanyaga kinyesi na viatu vyake vipya.

"Murudisheni," mzee akasema haraka. "Murudisheni, murudisheni."

Walimrudisha. Pua ikaingia chini ya shingo. Ngozi ya ubavu ikaacha kutetemeka, sehemu moja baada ya nyingine, kama maji yanavyotulia baada ya jiwe.

Mzee alisimama akiwa ameweka mikono nyuma. Nilijua hapa ndipo kila kitu kinapoamuliwa na nilifumba mdomo, jambo ambalo yaya alikuwa ananiomba kwa miaka ishirini.

"Tangu nilianza kupokea dote za famiye," alisema mwishoni, "sijapewa ngombe yenye kuja na mama yake mukubwa." Akamgeukia mtoto wa yaya. "Na mutoto wetu, ukimpeleka kwako, utamfunga kwa ukuta peke yake?"

"Hapana, papa."

"Atakuja kuona mama yake kila mara atapotaka?"

"Ndiyo, papa."

"Hata siku ya mpira?"

Alisita kidogo tu. "Hata siku ya mpira."

"Basi ngombe ikae hapa. Lakini ndama wa kwanza nitahesabu miye mwenyewe."

"Mara mbili," nikasema. Sikuweza kujizuia.

"Mara tatu, maman. Nimeona watu gani ninyi."

Walipanda kwenda mjini kubadilisha viatu, maana sherehe ilikuwa mchana. Mtoto wa yaya alibaki nyuma kidogo. Alikunja mikono ya shati lake jeupe, nikamwambia ataharibu, akasema najua, akachukua chupa ya maji ya chumvi. Mzee wa boma alivuta kigoda chake karibu na changu mpaka bega lake likagusa langu, kwa sababu nafasi kavu ilikuwa ndogo. Maji yalishuka kwenye kidonda. Nikatoa kijiti cha ufagio kwenye pindo nikampa mtoto wa yaya apime. Kilizidi kwa nusu nzima. Ng'ombe hakugeuka hata kuangalia ni nani anayempima.

Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, na boma, migomba, hata sauti za soko, vyote vikawa vya kijivu na vya mbali. Sikuwa nimekumbuka goti tangu tulipofika. Sikulitaja, lisije likasikia. Nikaanza kuhesabu pumzi za ng'ombe kwenye ule ukungu, moshi mdogo puani, wa kahawia kwanza, kisha mweusi, nijue kila mmoja anavuta ngapi. Mara ya kwanza nilipata. Niliporudia, kama ilivyo kawaida yangu, zilikuwa zimeshachanganyika, zinatoka pamoja na kuingia pamoja, na sikuweza tena kusema hii ni ya nani.

"Umepata ngapi?" mzee wa boma akauliza.

"Sijui," nikasema, na sikuanza tena.